Hasira katika Maandiko: Nani Anazuiwa, Nani Anaruhusiwa

Wanazuoni wa Kiyahudi wa karne za mwanzo nusura wakifiche kitabu cha Mithali. Talmudi inaisimulia habari hiyo katika risala ya Shabati. Kilichowatatiza ni aya mbili zinazofuatana katika sura ya 26: ya 4 inakataza mpumbavu kujibiwa kwa kadiri ya upumbavu wake, na ya 5 inaagiza ajibiwe. Mhubiri naye aliponea chupuchupu kwa sababu ya namna hiyo. Mahali pamoja anaipandisha hasira juu ya kicheko, mahali pengine anakisifu kicheko. Kama wangetaka kumbana zaidi, wangeongeza kwamba sura ileile ya 7 iliyoipa hasira heshima katika aya ya 3 inasema, katika aya ya 9, kuwa makao yake ni kifua cha mpumbavu.

Vitabu vyote viwili vilibaki. Jibu lililopatikana kwa Mithali lilikuwa fupi: aya moja inahusu mambo ya Torati, ambako upotoshaji usiachwe bila kujibiwa, na nyingine inahusu mambo ya kidunia, ambako mwenye busara hujinyamazia. Hakuna kilichofutwa. Wanazuoni wale waliuliza tu ni nani anayeambiwa, na katika jambo gani.

Siku hizi swali hilo halisikiki sana. Katika mihadhara ya dini inayofanyika viwanjani Tanzania na Kenya, mgongano wa aya umekuwa silaha. Muhadhiri wa Kiislamu humsomea Mkristo Mathayo 5, panapokatazwa hasira, kisha humfungulia Yohana 2, penye mjeledi. Mkristo naye hujibu kwa kuiweka sura ya Al-Imran, penye msamaha, mbele ya At-Tawba, penye ukali. Watu hushangilia, na kila upande huondoka ukiamini kuwa kitabu chenye kasoro ni cha jirani. Lakini mvutano huu umo katika vitabu vyote viwili, na wafasiri wa pande zote wamehangaika nao kwa karne nyingi, mara nyingi kwa uaminifu mkubwa kuliko ule wa viwanjani.

Mfano ulio wazi kuliko yote katika Agano Jipya umo ndani ya sura moja. Waefeso 4:26, ikiegemea Zaburi ya 4, inachukulia kwamba muumini atakasirika, na inamwekea mipaka miwili: hasira isimfikishe kwenye dhambi, na magharibi isimkute bado amefura. Aya tano mbele, hasira imo katika orodha ya mambo ya kutupwa kabisa, pamoja na makelele na matukano. Yakobo naye, katika sura ya 1, anamtaka muumini achelewe kukasirika, akieleza kuwa ghadhabu ya binadamu haiwezi kuijenga haki ya Mungu. Ukifika sura ya 5, Yakobo huyohuyo anawageukia matajiri waliozuia ujira wa wavunaji wa mashamba yao, na maneno anayowatolea ni makali kuliko karibu yote mengine katika nyaraka za Agano Jipya.

Ugumu unazidi kwenye Mathayo 5:22, ambako Yesu anaiweka hasira dhidi ya ndugu katika safu moja na uuaji, na kuionya kwa hukumu. Hapa historia ya nakala zenyewe inaonyesha jinsi wasomaji walivyotaabika. Nakala nyingi za Kigiriki zina neno la kulegeza, kwamba anayestahili hukumu ni yule anayekasirika bila sababu. Nakala kongwe, zikiwemo Codex Vaticanus na mkono wa kwanza wa Codex Sinaiticus, zote mbili za karne ya 4, hazina neno hilo. Katika Sinaiticus liliongezwa na msahihishaji wa baadaye. Wataalamu wengi wa nakala wanaona ni rahisi kuelewa kwa nini mnakili aliongeze neno linalompa binadamu nafasi, na ni vigumu kuelewa kwa nini aliondoe.

Jerome, aliyeishi zama hizo na kuzipitia nakala nyingi, aliandika waziwazi katika ufafanuzi wake wa Mathayo kwamba neno hilo lifutwe. John Cassian, mmonaki wa mwanzoni mwa karne ya 5 katika eneo ambalo leo ni kusini mwa Ufaransa, alikwenda mbali zaidi. Alidai kuwa lilipachikwa na watu waliotaka wabaki na hasira yao wanayoiona ni ya haki, akauliza ni nani aliyewahi kukasirika akajiona hana sababu. Hiyo ni hoja nzito, pengine nzito kuliko zote zilizotolewa upande wake. Augustino alikuwa amelitumia neno hilo alipofafanua hotuba ya mlimani. Uzeeni, alipoandika kitabu cha kuyapitia upya maandishi yake, alibainisha kuwa nakala za Kigiriki hazina neno hilo. Maana, hata hivyo, aliiacha palepale: anayeikasirikia dhambi ya ndugu yake, alisema, hajamkasirikia ndugu yake. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inalo neno hilo, na Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, haina. Mkristo anayesoma Kiswahili amepewa aya iliyo ngumu zaidi, isiyo na mlango wa kutokea.

Na mtoa amri mwenyewe alikasirika. Marko 3:5 inasimulia kuhusu siku ya Sabato, sinagogi, mtu mwenye mkono uliopooza, na watu waliokaa wakimvizia Yesu wapate la kumshtaki. Marko anasema aliwatazama kwa hasira, akihuzunishwa na ugumu wa mioyo yao. Mathayo na Luka wanakisimulia kisa hichohicho bila kuitaja hasira. Katika Marko 10 anawakasirikia wanafunzi wake kwa kuwafukuza watoto. Katika Mathayo 23:17 anawaita wapinzani wake wapumbavu, neno ambalo sura ya 5 inaliwekea onyo la moto.

Kisa cha hekalu ndicho kinachotajwa zaidi na wanaotaka ruhusa ya kukasirika, na ndicho kinachosomwa kwa haraka zaidi. Injili zote nne zinasimulia jinsi wafanyabiashara walivyotimuliwa, na hakuna hata moja inayotumia neno hasira. Yohana, ambaye peke yake anautaja mjeledi wa kamba, anazungumzia wivu wa nyumba ya Mungu. Marko ana kipengele kidogo ambacho wahubiri wengi hukiruka. Katika 11:11, Yesu anafika Yerusalemu, anaingia hekaluni, anatazama kila kitu kilivyo, na kwa kuwa jua limekwisha kuchwa anatoka kwenda Bethania kulala. Meza zinapinduliwa kesho yake. Katika simulizi hii kuna usiku mzima kati ya kuona na kutenda.

Torati ina mfano wake, nao ni mgumu kumeza. Katika Mwanzo 34, Shekemu anamtendea Dina unyama, na kaka wawili wa Dina, Simeoni na Lawi, wanawaua wanaume wote wa mji wa Shekemu. Baba yao Yakobo, akiwa kitandani mwa kufia, anailaani hasira yao katika sura ya 49 na kutangaza kuwa uzao wao utatawanywa. Vizazi vinapita. Katika Kutoka 32, baada ya ndama wa dhahabu, wana wa Lawi wanaitikia wito wa Musa, wanapita kambini na panga mkononi, watu wapatao 3,000 wanakufa, na siku hiyo kabila hilo linawekwa wakfu kwa huduma ya Mungu. Kabila ni lilelile, upanga ni uleule, lakini safari ya kwanza lilipata laana na ya pili likapata baraka.

Sura hiyohiyo ya 32 inamwonyesha Musa katika hali mbili kwa saa chache. Juu mlimani anamsihi Mungu aiache ghadhabu yake isiwake juu ya watu. Anaposhuka na kumwona ndama, ghadhabu yake mwenyewe inawaka na anazipasua mbao. Kisha Haruni anamsihi yeye, karibu kwa maneno yaleyale aliyoyatumia Musa kumsihi Mungu. Anayepanga simulizi hivi anajua anachokifanya.

Kurani inakisimulia kisa hicho katika sura ya Al-A'raf, aya ya 150 hadi 154, kwa mkazo wa aina nyingine. Musa anarudi amekasirika na kuhuzunika, anazitupa mbao, anamshika nduguye kichwa na kumvuta. Haruni anamwita kwa jina la mama yao mmoja na kumweleza kuwa watu walimwona dhaifu na nusura wamuue. Musa anajiombea msamaha yeye na nduguye. Hasira inapotulia, anaziokota mbao zile. Kurani haisemi kwamba zilivunjika. Hasira ya Nabii haijaitwa dhambi, wala haikuachwa iwe na neno la mwisho.

Kisa cha mwamba, katika Hesabu 20, kinawagawa wafasiri hata leo. Musa anaambiwa auambie mwamba utoe maji. Anawaita watu waasi na kuupiga mara mbili kwa fimbo. Ananyimwa kuingia Kanaani. Kosa lilikuwa lipi? Mfasiri wa Kiyahudi Rashi aliona ni kupiga badala ya kusema. Maimonides, aliyefariki mwaka 1204, alisema ni hasira, kwa sababu watu walimtazama Musa kama kioo na wangedhani Mungu naye amekasirika. Nachmanides alimpinga, kwani aya zenyewe haziitaji hasira mahali hapo. Maimonides alikuwa na sababu ya kuwa mkali. Katika mafundisho yake karibu kila tabia njema hukaa katikati, baina ya kupita kiasi na kupungukiwa, lakini hasira aliiweka kando pamoja na kiburi: hapo mtu aende hadi upande wa pili kabisa. Anayelazimika kuwaadibu watoto au jamii aonyeshe hasira usoni, na ndani awe ametulia.

Upande wa Kurani, watu huzipanga aya katika safu mbili. Safu ya upole ina Al-Imran 134, inayowasifu wanaoizuia ghadhabu yao na kusamehe watu, na Taha 44, ambamo Musa na Haruni wanaagizwa wamwambie Firauni maneno laini. Safu ya ukali ina At-Tawba 73, inayomwamuru Mtume awe mgumu kwa makafiri na wanafiki. Baadhi ya wanazuoni wa zamani walilimaliza tatizo kwa nasikh na mansukh: aya za ukali zilishuka baadaye, kwa hiyo zimezifuta za msamaha. Wapo waliohesabu aya zaidi ya mia moja kuwa zimefutwa na aya moja tu, iitwayo aya ya upanga. Wengine waliikataa hesabu hiyo. As-Suyuti aliipunguza idadi ya aya zilizofutwa hadi zipatazo 20, na Shah Waliullah wa Delhi, aliyefariki mwaka 1762, akabakiza tano. Kadiri elimu ya tafsiri ilivyochimba, ndivyo kifutio kilivyotumika kidogo.

Kuna njia inayozaa matunda zaidi, nayo ni kutazama aya zimekaa wapi. Aya ya Al-Imran kuhusu kuzuia ghadhabu imo katikati ya mazungumzo ya vita vya Uhud, ambavyo Waislamu walishindwa, Mtume akajeruhiwa, na ami yake Hamza akauawa. Sehemu ya lawama iliwaangukia wapiga mishale wa Waislamu wenyewe, walioacha kituo chao wakakimbilia ngawira. Ni hapo, aya ya 159 inapotaja upole wa Mtume kwa watu wake, inapoeleza kuwa angekuwa mkali na mwenye moyo mgumu wangemkimbia, na inapomwagiza awasamehe na ashauriane nao. Msamaha huu haukushuka wakati wa raha. Wafasiri wengi wanaihusisha pia An-Nahl 126 na Uhud, pale mwili wa Hamza ulipokutwa umekatwakatwa: aya inaruhusu adhabu inayolingana na kosa, kisha inasema kusubiri ni bora.

Ash-Shura, kuanzia aya ya 37 hadi 43, inaziweka pande zote mbili katika pumzi moja. Wanaosifiwa ni wale wanaokasirika kisha wakasamehe, na aya mbili mbele wanasifiwa wanaojitetea wanapodhulumiwa. Ubaya hulipwa ubaya mfano wake, ila anayesamehe malipo yake yako kwa Mungu. Anayejitetea hana lawama. Lawama iko kwa wanaodhulumu watu. Ibrahim an-Nakhai, mwanazuoni wa Kufa, aliwaeleza Waislamu wa kwanza kwa namna inayofungua fundo lote: walichukia kudhalilishwa, na walipopata uwezo walisamehe.

Maneno hayo yanastahili kuchukuliwa kwa uzito, maana yanaonyesha mwelekeo ambao maandiko mengi yanaufuata bila kuutangaza. Amri ya kujizuia, mara nyingi, inaelekezwa kwa mwenye uwezo wa kulipiza. Mithali 16:32 inamlinganisha asiye mwepesi wa hasira na shujaa atekaye mji. Hadithi mashuhuri ya Abu Huraira, iliyomo katika Bukhari na Muslim, inamtaja mpiga mieleka: mwenye nguvu ni anayejimiliki anapokasirika. Daudi, katika 1 Samweli 25, anazuiwa na Abigaili akiwa na watu 400 wenye panga, njiani kwenda kumwangamiza Nabali kwa sababu ya matusi. Waefeso nayo, baada ya kuikataza hasira, inawageukia baba wasiwachokoze watoto wao na mabwana waache vitisho.

Hasira inayosifiwa, kwa upande wake, karibu kila mara ni kwa ajili ya mtu mwingine aliyeumizwa. Nehemia, liwali wa Yuda chini ya mfalme wa Uajemi katika karne ya 5 kabla ya Kristo, anasikia kilio cha watu walioweka rehani mashamba yao na kuwatoa watoto wao utumwani kwa sababu ya madeni. Sura ya 5 inasema alikasirika sana. Halafu inasema alishauriana na moyo wake. Kisha akawakabili wakuu, akaitisha mkutano mkubwa, akajitaja yeye na ndugu zake miongoni mwa waliokopesha, na mashamba na riba vikarudishwa kwa kiapo. Huwezi kumwambia Nehemia kuwa hasira haikujenga haki, ingawa iliyojenga ni hasira iliyopitia kwenye fikra, kwenye baraza na kwenye kiapo.

Sauli ni ushahidi mzuri zaidi, kwa kuwa sura moja inamwonyesha akikasirika na akijizuia. Katika 1 Samweli 11, Nahashi Mwamoni anatishia kuwang'oa watu wa Yabesh-Gileadi macho ya kuume. Roho ya Mungu inamshukia Sauli, na hasira yake inawaka. Biblia inayataja mambo hayo mawili pamoja. Baada ya ushindi, wafuasi wanataka kuwaua watu waliomdharau Sauli alipotawazwa, na Sauli anakataa asiuawe mtu siku hiyo. Macho ya wengine yalimkasirisha, heshima yake mwenyewe aliiachilia. Msiba wa maisha yake ni kwamba baadaye aligeuza mpangilio huo, akamwinda Daudi kwa ajili ya sifa zilizoimbwa na wanawake.

Katika hadithi za Mtume mpangilio huo unajirudia. Mtu mmoja alimwomba wasia, akaambiwa asikasirike. Akarudia ombi, akapewa jibu lilelile. Aisha anasimulia kuwa Mtume hakujilipizia kisasi kwa ajili ya nafsi yake, isipokuwa mipaka ya Mungu ilipovunjwa. Na Abu Mas'ud al-Ansari anasema hakuwahi kumwona amekasirika katika mawaidha kama siku ambayo mtu alilalamika kuwa anaikwepa sala ya asubuhi kwa sababu imamu anairefusha mno. Hasira yote hiyo ilimwendea imamu mchaji aliyependa kisomo kirefu, kwa niaba ya mzee, mgonjwa na mwenye shughuli waliosimama nyuma yake. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitenga kitabu kizima cha Ihya kwa hasira, kinyongo na husuda, na hakutaka hasira ing'olewe. Aliifananisha na mbwa wa kuwinda, anayefaa akiisha kufunzwa. Thomas Aquinas, zaidi ya karne moja na nusu baadaye, alifika karibu na hapo alipouliza kama kukosa hasira kabisa kunaweza kuwa kasoro, akajibu kuwa kunaweza.

Aliyedhulumiwa ana nafasi yake pia. An-Nisa 148 inasema Mungu hapendi maneno mabaya yatangazwe hadharani, kisha inamtoa katika katazo hilo mtu aliyedhulumiwa. Zaburi ya 109 na ya 137 zimejaa ghadhabu ya watu wasio na jeshi wala mahakama, na mwisho wa ya 137 unatisha. Waliokusanya Zaburi hawakuufuta, ila kisasi hicho kimesemwa kwa Mungu badala ya kufanywa kwa mkono. Warumi 12:19 inatoa sababu: kisasi kina mwenyewe. Hata huyo mwenyewe anaelezwa katika Kutoka 34:6 kuwa mzito wa hasira, na katika hadithi qudsi kuwa rehema yake imeitangulia ghadhabu yake. Nabii Yona, katika sura ya 4, anakasirishwa na upole huohuo, na Mungu anamuuliza mara mbili kama anafanya vyema kukasirika.

Hapa ndipo matumizi ya aya hizi katika maisha ya kila siku yanapotia uchungu. Mke anayepigwa huambiwa na wazee wa kanisa au na mashekhe wa mtaa avumilie, na aya za subira humiminwa juu yake. Mfanyakazi wa ndani asiyelipwa mshahara huambiwa asiwe na kinyongo. Mume na mwajiri, ambao ndio wenye nguvu ya mpiga mieleka, husomewa aya hizo mara chache mno. Zana iliyotengenezwa kumfunga mikono mwenye uwezo inageuzwa kumziba mdomo asiye nao, na Yakobo wa sura ya 5 na An-Nisa 148 hubaki bila kusomwa.

Mwelekeo huu hauelezi kila kitu, na itakuwa udanganyifu kuuacha uonekane hivyo. Waraka wa kwanza wa Petro, sura ya 2, unawaambia watumwa wawatii hata mabwana wakali na kuvumilia mateso wasiyostahili. Shavu la pili la Mathayo 5 linaombwa kwa aliyepigwa. Wapo wanaoona hapo heshima ya mtu anayekataa kufanana na mtesi wake, na wapo walioona hati ya kuhalalisha utumwa. Historia ya mahubiri kwenye mashamba ya watumwa wa Marekani inawapa hawa wa pili ushahidi mwingi.

Kuna pia Finehasi. Katika Hesabu 25, tauni inawaua watu 24,000 kambini kwa sababu ya ibada ya Baali wa Peori. Finehasi, mjukuu wa Haruni, anachukua mkuki, anamfuata Mwisraeli mmoja na mwanamke Mmidiani hadi hemani na kuwachoma wote wawili. Hakukuwa na kesi, shahidi wala baraza. Tauni inakoma, na Mungu anampa agano la amani. Hapa hasira ilikuwa kwa ajili ya Mungu, ikasifiwa wazi, na hakuna usiku wa Bethania uliopita katikati.

Wanazuoni wa Kiyahudi hawakuweza kuikana aya, ila waliizungushia ua mrefu. Talmudi ya Yerusalemu inasema kitendo hicho hakikuwa kwa ridhaa ya wenye hekima. Talmudi ya Babeli, katika Sanhedrini 82, inaeleza kuwa mtu akija kuuliza kama afanye alivyofanya Finehasi, asipewe ruhusa. Na kama yule aliyefuatwa angegeuka akamuua Finehasi, asingehukumiwa kwa kuua, maana angekuwa anajitetea. Sifa imebaki, mlango umefungwa. Wanaoufungua wenyewe hawakosekani. Mwaka 1996, katika jiji la Spokane, Marekani, Wazungu wenye itikadi ya ubaguzi waliojiita makuhani wa Finehasi walitega mabomu na kupora benki.

Hasira kwa ajili ya Mungu ndiyo ngumu kuliko zote kuipima, kwa sababu nafsi hujificha humo kwa urahisi. Rumi, katika Masnavi, anasimulia kisa ambacho wahadhiri wengi wa Kiislamu wanakipenda: Ali bin Abi Talib amemshinda adui vitani, adui anamtemea mate usoni, na Ali anautupa upanga. Anaeleza kuwa kabla ya mate alikuwa akipigana kwa ajili ya Mungu, na baada yake angeua kwa ajili ya uso wake. Ali wa kisa hiki ana ujasiri wa kujishuku mwenyewe.

Watu wengi hawana ujasiri huo, na sheria ya Kiislamu haikuwategemea wawe nao. Sahaba Abu Bakra alimwandikia mwanawe, aliyekuwa kadhi Sijistan, asiamue baina ya watu wawili akiwa amekasirika, kwani alimsikia Mtume akikataza hilo. Wanasheria waliipanua amri hiyo ikawagusa pia kadhi mwenye njaa, mwenye kiu na mwenye usingizi mzito. Wakakutana na mgongano wao: Bukhari anasimulia kuwa Mtume alihukumu akiwa amekasirika, katika ugomvi wa maji ya kumwagilia mitende kati ya Zubair na Ansari mmoja. Kwanza alimwomba Zubair amwagilie kisha amwachie jirani maji. Ansari akamtuhumu kwa upendeleo, kwa kuwa Zubair alikuwa binamu yake. Uso wa Mtume ukabadilika, akamwambia Zubair ayazuie maji mpaka yafike kwenye kingo za bustani. An-Nawawi na wengine walijibu kuwa kwa Mtume hakukuwa na hofu ya kukosea. Lakini maelezo yaliyomo katika simulizi lenyewe yanatosha: amri ya kwanza ilikuwa sulhu, ikimpa jirani zaidi ya haki yake, ya pili ilimpa Zubair haki yake kamili na si zaidi. Hasira iliondoa hisani bila kuivuka sheria.

Oktoba 2012, Mbagala, Dar es Salaam, watoto wawili walibishana kuhusu Msahafu, na mmoja wao akaukojolea. Mtoto alikuwa tayari mikononi mwa polisi. Watu walikusanyika kituoni wakitaka wapewe. Walipokataliwa, ghasia zikazuka na makanisa kadhaa yakachomwa na kuvunjwa. Wengi wao bila shaka waliamini kuwa wanakasirika kwa ajili ya Mungu, na Msahafu kwao ni kitu kitakatifu kweli. Ila kwa kipimo cha barua ya Abu Bakra, walikuwa wamekaa kwenye kiti cha kadhi kwa ghadhabu. Kwa kipimo cha Nehemia, walikuwa wameruka kutoka kwenye kilio hadi kwenye adhabu bila baraza katikati. Na kwa kipimo cha Ash-Shura, ubaya hulipwa mfano wake kwa aliyeutenda, nao waliopoteza nyumba zao za ibada hawakuwa na sehemu yoyote katika ubishi wa watoto wale.